Maji ya Kwa Kornel

Pale Kirua Vunjo palikuwa na saa mbili zilizoaminiwa: ya ukutani kanisani, na sikio la Mzee Aminieli. Ya kanisani ilikuwa na kawaida ya kusimama.

Mfongo wao, ule mfereji wa mababu unaoteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, una milango ishirini na miwili, na kila nyumba ina siku yake na saa zake. Aminieli alikuwa mzee wa mfongo kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na daftari wala hakuwa na filimbi. Alikuwa akikaa barazani na kikombe chake cha chai, anainua kidole na kusema, "Mlango wa kwa Eliaichi umefunguliwa kabla ya wakati." Watu wakishuka kwenda kuangalia wanakuta ni kweli, na Eliaichi mwenyewe, ambaye ni katibu wa mfongo, anatazama pembeni kwa aibu. Baada ya miaka kadhaa watu wakaacha hata kwenda kuangalia. Mzee akishasema amesikia, basi imekwisha.

Mwezi wa tano, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, ya kuzibua banio la juu maji yanapoingilia mfongo, Aminieli aliteleza kwenye jiwe lenye utelezi akajigonga kichwa upande wa kulia, nyuma ya sikio. Alizimia kidogo, wakammwagia maji, akaamka akitukana jiwe. Watu walicheka, naye akacheka. Yuditha, mkewe, alimkanda kwa maji ya moto siku mbili, uvimbe ukashuka, mambo yakasahauliwa.

Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza kweli kweli, akaanza kusikia maji kwa Kornel.

Haikuwa siku ya Kornel. Lakini Aminieli aliyasikia asubuhi akifungua macho, akayasikia tena alasiri akijinyoosha kitandani: shwaa, shwaa, shwaa, kama yanasukumwa kupita kwenye tundu dogo. Sikio lililosikia lilikuwa la kulia, na kihamba cha Kornel kiko kulia mwa nyumba ya Aminieli. Kwa yeye huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, na kwa kuwa ulikuwa umemtosha yeye, uliwatosha na wengine.

Wakamwita Kornel mbele ya watu wa mfongo. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, anayeotesha miche ya kahawa kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, na kuwauzia majirani. Alisimama akiwa ameshika kofia.

"Mbe," alimwambia Aminieli, kwa lile neno la heshima la kwao, "mti wa mringaringa umeangukia mfereji wangu tangu masika. Umeufunika wote. Maji hayapiti hata ukiyabembeleza. Miche yangu naimwagilia kwa ndoo, nachota kwenye mfongo mkuu. Njoo utie mkono uone."

Eliaichi akainuka nusu. "Si mbali, Mzee. Ni hatua kama mia mbili tu. Twende tukaangalie."

"Tangu lini sikio langu limehitaji mkono?" Aminieli akauliza.

Wanaume wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomhukumu Kornel. Alitozwa mbuzi dume na pipa la mbege, pombe ya ndizi. Akafungiwa maji miezi mitatu, asiguse mfongo hata kwa ndoo. Mbuzi alichinjwa Jumamosi hiyo hiyo, na Aminieli akapewa kidari, sehemu ya mkubwa. Alikila chote, akasifu na kachumbari.

Jumatatu asubuhi, shwaa, shwaa, shwaa.

Alikasirika. Alishuka hadi kwenye mlango wa Kornel juu ya barabara, akaukuta umezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo, mkavu kabisa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Aminieli hakujiuliza, alisema Kornel amechimba njia ya siri. Alikuwa amebakiza hatua chache tu afike kwenye huo mringaringa, akageuka akarudi zake nyumbani kunywa chai.

Sasa ngoja nikwambie kilichomkuta Jumapili moja ya Oktoba, maana hapo ndipo uchungu ulipoanzia. Mchungaji alisema waumini wainamishe vichwa waombe kimya. Kanisa zima likatulia, hata watoto. Na katika utulivu ule Aminieli akasikia maji yakipita.

Akafumbua macho. Kanisa lao liko juu ya kilima, hakuna mfongo unaofika pale na haujawahi kufika. Benchi la tatu mbele yake alikuwa ameinama Kornel, kisogo chake kikionekana. Shwaa, shwaa. Moyo wa Aminieli ukaruka, na maji nayo yakaruka. Moyo ukaenda mbio, maji yakaenda mbio. Alibana pumzi akahesabu, pigo moja la moyo, shwaa moja, pigo moja, shwaa moja, mpaka watu waliposema amina, naye akabaki amekaa wakati wenzake wote wamesimama.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mbuzi alikuwa ameshaliwa.

Novemba, jicho la kulia likawa jekundu. Kwanza walisema ni vumbi, halafu wakasema ni ule ugonjwa wa macho unaoambukiza, akatiwa matone. Jicho likazidi kuwa jekundu, likavimba, likaanza kutokeza nje kuliko mwenzake. Kichwa kilimgonga kutwa. Kisha akaanza kuona kila kitu mara mbili: milango miwili, vikombe viwili, Yuditha wawili, wote wakiwa wamemkasirikia.

"Watu wanasema Kornel amekuvunjia chungu," Yuditha alimwambia siku moja akipepeta maharage.

Kwao chungu si mchezo. Mtu aliyedhulumiwa hukivunja huku akimtaja aliyemdhulumu, na wazee wanasema laana humfuata huyo hadi chumbani.

"Lakini mimi najiuliza jambo moja, Baba Gladness. Chungu kinamwendea mwenye kosa. Kama ni chungu kweli, wewe umekosa nini?"

Aliomba chai. Yuditha hakuinuka kuileta, na maji ndani ya kichwa chake yaliendelea kupita.

Wiki ile ile walishuka Moshi. Daktari wa macho kwenye ile hospitali kubwa alikuwa binti wa mjini hapo hapo, Disha, ambaye familia yake ina duka la vitambaa karibu na soko. Alimwamkia Mzee shikamoo, akamketisha, akammulika jichoni kwa kitaa chake. Aminieli alitegemea matone mengine na dakika tano. Daktari aliendelea kutazama. Alipomaliza, alizima taa akavuta kiti karibu.

"Mzee, nikuulize. Unasikia sauti yoyote kichwani? Kama kitu kinachovuma, kinachokwenda sawasawa na mapigo ya moyo?"

Aminieli hakuwahi kumwambia mtu, si mke, si mchungaji. Na huyu binti ambaye hajawahi kukanyaga Kirua alikuwa amelitoa lile jambo hadharani kama mtu anayesoma barua.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Jicho lako limeniambia. Mishipa yake imejaa damu kupita kiasi, na si damu ya kawaida ya jicho kuuma. Inatoka nyuma huko. Naomba nisikilize."

Alivaa kile kipimo cha kusikilizia moyo, lakini hakukiweka kifuani. Alikiweka nyuma ya sikio la kulia, pale pale jiwe lilipompiga. Akasikiliza. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamwita Yuditha, akamvalisha kile kipimo masikioni.

Yuditha alisikiliza akiwa ameinama. Uso wake ulibadilika. Alimtazama mumewe, akatazama dirishani kana kwamba anatafuta maji, akamtazama tena.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu mwema. Mfongo uko humu ndani."

Nimesema Aminieli alipata mshtuko kanisani, lakini ule haukuwa kitu. Kanisani alijua peke yake, na jambo unalolijua peke yako unaweza kulizika. Sasa mke wake alikuwa ameyasikia maji ya kwa Kornel kwa masikio yake mwenyewe, katika chumba kilicho mbali kabisa na kihamba cha Kornel, na chanzo chake kilikuwa ni kichwa cha mumewe.

Walimpiga picha za kichwa siku hiyo hiyo. Jioni daktari aliwaonyesha. Alisema kuna mishipa inayopeleka damu kwa nguvu kutoka moyoni, na kuna mishipa laini inayoirudisha taratibu, na kati yake damu hupita kwanza kwenye vijishipa vyembamba vinavyoipunguza kasi. Kwa Mzee, kwenye utando unaofunika ubongo, mshipa wa nguvu umejifungulia njia moja kwa moja hadi kwenye mshipa laini. Damu inarukia humo kwa kishindo, na ndicho kinachosikika. Nyingine imegeuka na kurudi nyuma, ndiyo maana jicho limejaa.

"Ni kama mfongo mkuu umebomoka ukaingia kwenye kijifereji cha nyumbani," Aminieli alisema polepole.

"Hivyo hivyo. Na kijifereji hakikujengwa kubeba maji hayo."

Hilo alilielewa kuliko daktari mwenyewe. Aliwahi kuona kingo zikipasuka. "Kikipasuka?"

"Damu itamwagika kwenye ubongo, Mzee. Ni kiharusi. Na jicho nalo linaweza kupofuka. Inatibika, lakini Dar es Salaam, na si ya kungoja Krismasi."

"Imeanza lini?"

"Siwezi kuapa. Mara nyingine hutokea baada ya kuumia kichwa. Uliwahi kuanguka?"

"Mwezi wa tano," Yuditha akajibu kwa niaba yake.

Mwezi wa tano. Na Kornel aliitwa mwezi wa nane. Aminieli alihesabu ile miezi kwa vidole, akahesabu tena, kana kwamba vidole vingeweza kumwonea huruma. Nje kwenye korido alikaa kwenye benchi akaanza kulia, mzee mzima wa miaka sitini na mbili, jicho moja likiwa jekundu kama nyanya. Yuditha alidhani analilia uhai wake.

"Daktari amesema inatibika," alimwambia.

"Yuditha, kidari nilikula mimi."

Alitaka kupanda Kirua siku ile ile akamwone Kornel. Daktari alikataa katakata, na binti yao Gladness, anayeishi Dar, alikuwa ameshapiga simu mara nne. Basi akamwomba Yuditha kwamba akifa huko, yeye akamwambie Kornel.

"Sitamwambia," Yuditha alisema. "Ulimhukumu kwa kinywa chako, utamwambia kwa kinywa chako. Kwa hiyo usife."

Alikwenda Dar na agizo hilo. Kuna watu huogopa kisu, wengine sindano. Aminieli aliogopa kufa akiwa anadaiwa neno.

Daktari aliyemshughulikia huko aliitwa Rachel, mwanamke mfupi anayeongea haraka. Alimweleza kwamba hawatapasua kichwa. Watapitia kinenani, juu ya paja, kwa tundu dogo, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa, waupandishe kifuani, shingoni, hadi pale penye tobo, wakiutazama kwenye runinga. Wakifika, wataingiza gundi maalumu, itaganda na kuziba.

"Mnaziba tobo la kichwani kwa kuanzia pajani?" Aminieli aliuliza akidhani anataniwa.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mkiziba mlango usio wenyewe?"

Daktari Rachel aliacha kutabasamu. "Ndiyo maana tunaangalia kwanza, tena na tena. Hatuzibi kitu ambacho hatujakiona kwa macho."

Alisema vile kwa nia njema kabisa, bila kujua. Aminieli aligeukia ukutani kwa aibu.

Walimlaza usingizi. Ilichukua saa tano. Gladness na mama yake walikaa nje wakimaliza zaburi zote wanazozijua na kuanza upya.

Alipoamka alipiga kelele. Wauguzi wawili walikuja mbio.

"Nimekuwa kiziwi! Mmeniua sikio!"

"Mzee, umenisikia ninavyoongea?" muuguzi mmoja alimuuliza.

Alikuwa amemsikia. Alisikia viatu vyake, akasikia kitoroli kikipita, akasikia hata kunguru juu ya bati huko nje. Kilichokosekana ni maji. Alikuwa ameishi nayo kwa miezi mingi mpaka kuondoka kwake kukawa kama ukuta umeanguka. Alilala akisikiliza kimya chake mwenyewe, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, na kila aliposikiliza alijua kwa uhakika zaidi kwamba kwa Kornel hakukuwa na tone.

Walimrudisha Kirua katikati ya Januari. Jicho lilikuwa limerudi mahali pake, wekundu umebaki kidogo pembeni, na Yuditha alikuwa mmoja. Kesho yake asubuhi alikata jani la masale kwenye mpaka wa kihamba chake, lile jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha huwezi kumfukuza, akaanza kutembea kuelekea kwa Kornel. Alihesabu hatua. Hazikuwa mia mbili. Zilikuwa mia na arobaini.

Kitu cha kwanza alichokiona ni viriba. Vilikuwa vimepangwa vizuri kwa mistari chini ya kivuli cha migomba, mia sita kwa uchache, na katika kila kimoja kimesimama kijiti kikavu. Hakuna aliyeving'oa.

Veronika, mke wa Kornel, alitoka jikoni akampa mkono. Alimpa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja kwenye kiwiko, hauendi mbele wala nyuma.

"Nini kimekupata, mama?"

"Nilianguka korongoni, Mzee, na ndoo," Veronika alijibu bila ukali wowote. "Si mlitukataza mfongo? Nilikuwa nachota mtoni. Uliunga vibaya."

Aminieli hakujua hilo. Mita mia moja kutoka kitandani kwake mwanamke alivunjika mkono, na yeye, mwenye sikio, hakusikia kelele. Alikuwa anasikiliza maji.

Kornel alikuja kutoka nyuma ya nyumba akiwa na panga. Aliliona lile jani, akaliweka panga chini.

"Shimbonyi, mbe," alisalimia, kama vile walionana jana.

Maneno ambayo Aminieli aliyapanga tangu Dar yalitawanyika yote. Akasema tu: "Kornel, maji yalikuwa kichwani mwangu. Mshipa ulitoboka. Daktari aliyasikia. Yuditha aliyasikia. Hukuiba. Hukuwahi kuiba."

Kornel akauliza: "Kichwani?"

"Kichwani."

"Walisema nimekuvunjia chungu," Kornel alisema. "Chungu nilinunua kweli, Himo sokoni. Nikakitazama siku tatu. Halafu Veronika akakipikia maharage." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Masale yako nitayapokea, mila ni mila. Lakini kwanza njoo."

Akamwongoza nyuma ya nyumba. Mringaringa ulikuwa umelala pale na mizizi yake yote ikielekea juu, shina lake halikumbatiki hata na watu wawili, na chini yake mfereji ulikuwa umepotea kabisa. Kwenye shina yalikuwa yameshachipua matawi marefu kumzidi mtu. Mtu yeyote angeona. Mtoto angeona. Angefika tu.

"Tia mkono," Kornel alisema.

Aminieli alipiga magoti. Aliingiza mkono chini ya shina, mahali ambapo ungepaswa kuwa mfereji, akapapasa mpaka kiwiko kikaingia, kisha bega likagusa gome. Vumbi. Majani makavu. Utando wa buibui. Mawe yaliyojipanga kama babu yake Kornel alivyoyapanga, makavu.

"Unasikia maji?" Kornel aliuliza juu yake.

"Hapana."

"Na siku ile hayakuwepo."

Aminieli alilia huku bega limebanwa na mti. Kornel alimwacha alie. Hakumharakisha, wala hakumgusa.

"Jumamosi," alisema mwishowe, "utawaleta wote waliomla mbuzi wangu. Mmoja mmoja wapige magoti hapo watie mkono. Eliaichi awe wa mwisho, yeye angalau aliinuka nusu."

"Nitawaleta."

"Wakikataa?"

Aminieli alitoa mkono, mweusi kwa udongo hadi begani. "Nitawaambia mimi nimeutia."

Kornel aliinama akachukua lile jani la masale kutoka mkono wa kushoto wa Mzee, ule uliokuwa safi.